Neno la Mtani Halifutwi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa na tovuti, tena iliyokuwa inatokea ya kwanza ukiandika jina la mji wetu, hunipongeza. Huwa nabadilisha mazungumzo. Juzijuzi bwana mmoja mwenye vyumba vya kulaza wageni kule Kilwa Masoko alining'ang'ania nimfundishe jinsi ya kupanda juu humo kwenye intaneti, maana anataka wazungu wamwone yeye kabla ya jirani yake. Nilimjibu vibaya mpaka akaondoka na fotokopi zake hata sijazibana pini. Hakuwa na kosa. Kazi ile naijua, na ninaijua vizuri, ila sikujifunza kwa ajili ya wageni. Nilijifunza ili mtu mmoja tu asome, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama.

Kiwanda cha korosho alichokuwa akifanya vibarua kilifungwa wakati ule kila kitu kinauzwa kwa watu binafsi. Akakaa kijiweni kwetu Kilwa Kivinje miezi kadhaa, halafu akaenda Dar es Salaam, halafu tukasikia amezamia meli. Tulipata barua moja tu kutoka Durban. Alisema yu mzima, asihangaike mtu, akipata makaratasi atarudi kumwona mama. Kisha kimya. Mama alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa huyu mtoto alipunguza hata kumtaja. Akipika alitenga sahani moja juu ya kabati, akiulizwa anasema ya paka. Paka mwenyewe hatukuwa naye.

Mimi nilikuwa Lindi mjini, naishi Rasbura, nina duka la kuchapa na fotokopi. Vitu vya mtumba vilikuwa vimeanza kuingia kwa wingi, kompyuta nazo zinauzwa Kariakoo kama viatu, nikanunua tatu, nikaunganisha intaneti. Siku moja akaja kijana aliyerudishwa kutoka Afrika Kusini, naye mzamiaji. Nikamuuliza kuhusu mdogo wangu. Hakumjua, lakini akaniambia wenzao kule wote wamebadilisha majina, huyu Mrundi, yule Msomali, na hawana simu za kukaa nazo. Siku wanazokosa kazi bandarini wanashinda kwenye vibanda vya intaneti, wanasoma habari za nyumbani.

Neno hilo lilinikaa. Nikajisemea, kama mtu haingii nyumbani bali anaingia intaneti, basi nitamjengea nyumba humohumo. Nikafungua ukurasa wa bure. Nikaweka picha yake ya shule, jina lake lote mpaka la babu, na maneno kwamba mama anamtafuta. Kila asubuhi nikifungua duka naandika jina lake kwenye mtambo wa kutafutia, naubonyeza ukurasa wangu. Baada ya muda ukawa unatokea wa kwanza. Nilifurahi jamani. Nilifunga safari mpaka Kivinje kumwambia mama kwamba sasa mwanao akijitafuta tu, anatukuta.

Mama akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyevaa nguo ndani nje. Akauliza, nani anajitafuta mwenyewe? Aliyepotea hajui kwamba amepotea, yeye anajua alipo. Akikumbuka nyumbani atautafuta mji. Atataka kujua nani kaoa, nani kahama, ile barabara imetengenezwa au bado.

Nilikasirika, maana alikuwa amesema kweli. Na balaa la pili lilinikuta Dar, nilikokwenda kununua wino wa mashine. Nikaomba kompyuta ya mtu, nikaandika jina la mdogo wangu, sikuona kitu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano, hola. Yule mwenye kompyuta akanieleza huku anacheka kwamba kompyuta ya dukani kwangu ilikuwa imenizoea, inanionyesha ninachokipenda, lakini kwa watu wengine mimi sipo. Wakati wote ule nilikuwa nabisha hodi kwangu mwenyewe na kujikaribisha.

Basi nikaanza upya, na safari hii niliingia kwa hasira. Nikaupa ukurasa jina la Habari za Kilwa Kivinje. Niliposoma mahali kwamba mtambo unapenda neno likirudiwa, nikaandika Kilwa Kivinje Kilwa Kivinje chini ya ukurasa mara zisizo idadi, kama mtu anayevuta uradi, kisha nikayapaka maneno rangi nyeupe juu ya nyeupe yasionekane. Mtambo ukaniona. Nikashushwa mpaka nikapotea kabisa. Kumbe ujanja ule ulikuwa umeshachakaa kwa wenzetu zamani, mimi ndiyo kwanza naamka.

Nikafuta, nikakubali kufanya kazi ya kweli. Kila wiki mama ananipa habari kwa simu ya jirani, mimi naandika. Mvua imebomoa ukuta wa nyumba ile ya Mjerumani karibu na pwani. Pweza wamekuwa wengi sokoni. Binti wa fulani ameolewa Mingoyo, mahari hayajamalizika. Nikawaandikia barua pepe watu wote wa kusini niliosikia wana kurasa zao, wa Mtwara, wa Masasi, hata mmoja aliyekuwa anasoma Uturuki, nikawaomba waweke kiungo, njia ya kuja kwangu. Mtambo ule una tabia za kibinadamu. Ukitajwa na watu unakuheshimu, usipotajwa na mtu unakupita kama hakukuona. Tukaanza kupanda.

Lakini kilichotupandisha hasa kilikuwa misiba. Nilikuja kugundua kwamba watu wetu walio mbali hawatafuti harusi wala pweza. Wanatafuta nani amekufa. Nikiandika ndoa, wanasoma wachache. Nikiandika tanzia, wanamiminika, kila mmoja anaacha pole kwenye kitabu cha wageni, pale chini ya ukurasa ambapo yeyote anaruhusiwa kuandika, anataja jina la marehemu na la mji, na mtambo unazidi kutupenda. Sikupendezwa nalo. Lakini nilitaka mdogo wangu aone, na tanzia ndiyo iliyokuwa inaonekana, nikaendelea kuziandika.

Hapa lazima nimlete mtani wetu. Sisi ni Wamwera, kwa asili kabisa tunatoka Kilangala, na watani wetu ni Wangoni. Kivinje alikuwepo fundi seremala mmoja Mngoni, jirani ya mama tangu sijazaliwa. Aliyemtengenezea mama kitanda cha ndoa ni yeye, na kila siku alimwambia kwamba kitanda kile alikipima kwa jeneza. Mama naye alimwambia Wangoni walikuja pwani kuiba kuku, kuku wakawashinda mbio. Walitukanana hivyo asubuhi na jioni, na aliyekosa kumwona mwenzake siku mbili alikuwa anaumwa. Baba alipofariki, mtani ndiye aliyelala kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka mpaka alipwe, watu wakacheka huku wanalia. Ndiyo kazi yake. Kwetu msiba usiokuwa na mtani si msiba, ni watu tu wamekaa na huzuni.

Mtani akaja Lindi kutibiwa meno, akapita dukani. Nikamwonyesha ukurasa, nikamweleza jinsi watu wanavyosoma misiba kuliko kitu chochote. Akakaa akifikiri huku ameshika shavu. Akasema mimi nahangaika bure. Mama yetu afe, huyo mtoro atarudi kwa miguu. Nikacheka, nikamwacha kwenye kompyuta na dada aliyekuwa ananisaidia kuchapa, nikaenda sokoni.

Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Kwenye kitabu cha wageni ilikuwapo tanzia. Jina la mama lote, mtaa wake, Kilwa Kivinje. Amefariki, tumeshamfukia, shimo lilikuwa fupi miguu ikabaki nje. Kanga zake zote nimechukua mimi mtani wake, na kitanda nimebomoa nitengenezee banda la kuku. Mtoto wake aliye mbali asipokuja kunilipa kazi ya kuchimba, nitamfukua nimlete huko aliko.

Nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Lakini moyo haukutulia. Nikampigia mama, nikamsomea, nikamwambia naifuta sasa hivi. Mama alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akanikataza.

"Neno la mtani halifutwi," alisema. "Mwanangu atalisoma atacheka, na akicheka atanikumbuka."

Nikasema basi angalau niandike chini yake kwamba ni utani, mama mzima. Akasema utani ukishaelezwa haufai tena, ni sawa na kumwambia mtu umemkaribisha chakula halafu ukamtajia bei ya unga. Na kumkataa mtani ni kujitakia mkosi. Mama yangu alikuwa akisema neno ndilo hilo, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye duka, lakini nikatii. Ndivyo nilivyolelewa.

Kumbe kulikuwa na ukurasa mmoja wa Dar uliokuwa unaokota tanzia za mikoani na kuzibandika. Mwenyewe sikumjua na sikuwahi kumwona. Akaiokota yetu, nzima, na maneno ya mtani yote. Watu wakaanza kutoa pole. Wengine walielewa, wakatania nao, kwamba hata wao wanadai kanga. Wengi hawakuelewa, wakaandika inna lillahi. Waliosoma na mimi sekondari wakapiga simu. Kila pole ikimtaja mama na Kivinje, na kila ikimtaja, mtambo ukizidi kuinyanyua, mpaka ukiandika jina la mji wetu tu, kitu cha kwanza kabisa duniani kilikuwa kifo cha mama yangu. Mimi niliyehangaika na pweza na barabara nilikuwa wa pili.

Nikaifuta ya kwangu bila kumwomba mtu ruhusa. Haikusaidia kitu, maana ile ya Dar ilikuwa pale pale. Nikamwandikia mwenye ukurasa, nikamwandikia tena, nikamwandikia kwa matusi. Kimya. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mama yu hai, Kilwa Kivinje, mzima wa afya, nikaweka na picha yake ameshika samaki. Nikawaomba wale wote walioniwekea njia waiwekee na hiyo. Haikupanda. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikasaga meno, umeme ukikatika namlaani mwenye umeme, ukirudi namlaani mwenye intaneti. Hakuna anayetafuta habari ya mtu kuwa hai. Hakuna anayeacha pole kwa sababu mama wa mtu amekula vizuri leo. Jirani zangu walioelewa kidogo waliniambia mzaha mzaha hutunga usaha, na mimi niliwaambia methali zao wakazitie chumvi wale.

Sikumwambia mama hali ilivyokuwa. Akiuliza kama mwanawe ameshaona, namwambia bado, na kila nikisema bado nilikuwa naomba Mungu iwe kweli.

Mwaka uliofuata mama alikuja Rasbura kukaa kwangu, macho yalikuwa yanamsumbua na alitakiwa kuonana na daktari. Siku moja mchana aliingia dukani mwanamume mwenye mkoba, mtu wa bahari, ngozi imeungua kwa chumvi. Alikuwa mpishi melini, kwao ni Kilwa hukohuko. Akanisalimu kwa upole uliopitiliza, akauliza kama mimi ndiye mwenye ule ukurasa wa Kivinje. Nikasema ndimi. Akavua kofia.

"Dada, pole na msiba wa mama," akasema. "Mdogo wako ametuma ubani, nimeuleta."

Nilishika meza. Nilitaka kupiga kelele za furaha kwamba yu hai, na nilitaka kumpiga yule mtu ngumi, yote kwa pamoja. Nikamwambia mama yetu hajafa. Hakuniamini, alidhani nimechanganyikiwa, akaanza kuniliwaza. Nikafunga duka saa hiyohiyo, nikamshika mkono kama mwizi, nikampeleka nyumbani.

Mama alikuwa ukumbini anachambua kunde kwa kupapasa. Yule mpishi akasema shikamoo, mama akaitikia marahaba, akamuuliza yeye ni nani. Mtu mzima yule akanigeukia. Nikasema mimi. Nikaeleza yote kwa mkupuo, na ile ya Dar, na jinsi nilivyoficha. Mama hakunikatiza. Akaacha kunde, akafuta mikono kwenye kanga, akamgeukia mgeni na kuanza kumuuliza pole pole, kama mtu anayeulizia msiba wa jirani.

Alilia? Alilia, mama, siku nzima. Alisoma hitima? Alisoma, Watanzania wa pale bandarini walikaa naye, wakachanga, wakapika. Na ule utani, hakuuona? Mpishi akasema aliuona. Wenzake wengine walimwambia huenda ni mzaha wa watu. Yeye ndiye aliyewakatalia.

"Alisema huyo mtani anamjua," mpishi akasema. "Alisema, kama mama angekuwa mzima mtani angekuwa anamtania yeye mwenyewe huko barazani. Akishaanza kudai kanga ujue mtu ameshazikwa. Ndipo alipoamini."

Mama akatikisa kichwa. Akasema mwanawe hajasahau mila. Alisema kwa fahari, na ndiyo iliyonivunja, nikaenda kulia jikoni.

Nikiwa jikoni nilisikia lililobaki. Mama aliuliza juu ya kurudi. Yule mpishi akasema mdogo wangu alikuwa ameshapata makaratasi. Alikuwa anajiandaa kuja Ramadhani ile. Aliposoma tanzia akasema alikuwa anarudi kwa ajili ya mama, sasa anarudi kwa nani. Akapanda meli ya Wagiriki, na tangu hapo mpishi hakumwona tena. Ubani ule, fedha za rambirambi, alikuwa ameuacha kwa watu, wakaupitisha mkono kwa mkono mpaka ukamfikia huyu mpishi. Namba ya simu hakuwa nayo.

Mama akapokea ubani wake mwenyewe. Aliushika kwa mikono miwili, akamwombea dua aliyeuleta na aliyeutuma, akaniita nimtengenezee mgeni chai.

Tulimtafuta. Nilikwenda bandarini Dar, nilikwenda Mtwara, niliandika kwa kila mzamiaji aliyewahi kuacha neno kwenye kitabu cha wageni. Nilipandisha habari ya mama kuwa hai mpaka ikafika ya kwanza, kweli ilifika, baada ya yule wa Dar kuacha kulipia ukurasa wake ukafungwa. Kwa miezi mingi ukiandika Kilwa Kivinje ulimwona mama yangu na samaki wake. Lakini mtu hamtafuti mama aliyekwisha kumsomea hitima. Hana haja tena na habari za mji.

Mtani alipopata habari alipanda gari siku hiyohiyo kuja Lindi. Hakupiga kelele mlangoni kama kawaida yake. Aliingia, akakaa chini kwenye mkeka, akiwa amebeba kofia mapajani. Mama alimngoja aanze. Hakuanza. Mwishowe mama akamwambia Mngoni gani huyu amekuja msibani mikono mitupu, maiti mwenyewe amechoka kungoja, jeneza liko wapi. Alisema hivyo kumpa njia. Mtani akafungua mdomo, akatoka na kilio. Mzee yule, fundi wa meza na majeneza ya Kivinje nzima, akalia mbele ya watoto. Mama akamsogelea akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, na hiyo kanga mtani hakuidai.

Mama akarudi Kivinje, lakini hawakutaniana tena. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali, kama watu wa kabila moja. Nilipokuwa naenda Kivinje nilikuwa nawakuta barazani, kila mmoja kwenye kigoda chake, wanazungumzia bei ya mchele. Nilichukia ule ustaarabu wao kuliko kitu chochote. Ningetoa kompyuta zote tatu nimsikie mtani akimuuliza mama anakufa lini tupumzike.

Mama alifariki kiangazi kimoja, kwenye kitanda kile kile alichotengenezewa na fundi, kwa ugonjwa wa siku chache. Watani wengine walikuja, wakafanya kazi yao, wakaziba mlango, wakadai, wakalipwa. Fundi alichonga mbao za kaburi akaenda zake nyumbani. Usiku wa kwanza wa matanga ndugu walinizunguka, wakaniambia niandike tanzia kwenye ukurasa wangu, watu wa mbali wapate kujua, maana sasa ukurasa unasomwa kweli na tuko wa kwanza.

Nikawaambia sitaandika. Niliyetaka asome alikwisha kuisoma.